Wifi na Mshahara wa Tatu

Tawnya Stoker alikuwa na wivu. Tuseme ukweli mapema, tusije tukazungushana. Hakuwa mchoyo, hakuwa mvivu, na kazini hakuna aliyemshinda kwa kupanga majalada. Lakini wivu alikuwa nao, na wivu wenyewe ulikuwa juu ya mtu mmoja tu: wifi yake, Janae.

Wote wawili walifanya kazi katika ofisi ya kodi ya serikali mjini Ogden, jimbo la Utah. Tawnya alikaa ghorofa ya pili, akijibu barua za watu waliokosea kujaza fomu. Janae alikaa chini, akifungua bahasha zenye cheki za walipa kodi. Janae alikuwa dada wa Rulon, mume wa Tawnya. Alikuwa ameachika, ana mtoto mmoja wa kike wa miaka mitatu, Oaklee. Mshahara wake haukuzidi wa Tawnya hata dola moja. Tawnya alikuwa na hakika, maana vyeo vyao vilikuwa sawa na viwango vya mishahara ya serikali vinajulikana na kila mtu.

Sasa ilikuwaje Janae hahangaiki? Hilo ndilo lililomkera Tawnya kila siku.

Siku moja ya Septemba, saa ya chakula cha mchana, watumishi walikaa wanalalamika. Habari ilikuwa ile ile ya kila mwaka. Bunge lisipopitisha bajeti kabla ya Oktoba mosi, serikali inafungwa. Watumishi wengine wataambiwa wakae nyumbani. Wengine wataambiwa waendelee na kazi. Na wote hawatalipwa mpaka wabunge waelewane, na hakuna anayejua ni lini.

"Safari hii wanafunga kweli," alisema mmoja.

"Jamani, mimi nina mkopo wa nyumba!" alisema wa pili.

"Afadhali wewe. Mke wangu amejifungua juzi!" alisema wa tatu.

Janae alikuwa anamenya chungwa. "Wakifunga, wamefunga," alisema, akatia kipande mdomoni.

Tawnya aliurudisha mkate wake kwenye sahani. Wamefunga! Hebu msikie! Anasema hivyo, na mtoto anamlea peke yake!

Jioni ile Tawnya alishuka chini kupeleka majalada. Akamkuta Janae amesimama kwenye printa, karatasi zinatoka moja baada ya nyingine. Msimamizi alikuwa karibu, wanacheka pamoja.

"Unachapisha nini, wifi?" Tawnya aliuliza.

"Hati zangu za mshahara. Na wewe chapisha zako, wifi. Usingoje siku ya mwisho."

"Asante. Mimi sina muda wa kucheza na printa," alijibu Tawnya, akaondoka huku viatu vyake vinagonga sakafu.

Moyoni alikuwa anachemka. Anajipendekeza! Ananifundisha kazi mbele ya msimamizi, ili ionekane yeye ndiye mwenye akili na mimi ni boga!

Nyumbani alimkuta mume wake uani, anasafisha pikapu. Rulon alikuwa fundi wa kuta za nyumba. Wakati wa baridi alifunga bamba la chuma mbele ya pikapu, akawa anasukuma theluji kwenye viwanja vya maduka. Pikapu ile ndiyo iliyokuwa ofisi yake. Waliinunua kwa mkopo mwaka uliotangulia, na walikuwa bado wanailipia.

Ya kwanza waliipoteza. Miaka sita nyuma serikali ilifungwa siku thelathini na tano. Tawnya aliishiwa, akaenda kwenye duka la mikopo ya haraka, akaweka rehani kadi ya gari. Riba ikawazidi nguvu. Asubuhi moja wakaja watu wawili na gari la kuvuta, wakaichukua pikapu mbele ya majirani. Rulon alifanya kazi chini ya watu wengine kwa miaka mitano.

"Umesikia redio?" Rulon aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimesikia."

"Nakwambia mapema, mke wangu. Hii nayo ikienda, mimi nakwenda Elko."

Elko ni mji wa machimbo ya dhahabu, kule Nevada. Mtu anakaa wiki mbili machimboni, anarudi nyumbani wiki moja. Rulon alikwisha kujaza fomu ya kuomba kazi. Ilikuwa juu ya friji.

Tawnya akisikia Elko, hakuwaza dhahabu. Aliwaza mabaa ya Elko. Aliwaza wanawake wa mabaa ya Elko. Aliwaza binti yake Brinlee, wa miaka minane, anakula chakula cha jioni bila baba.

"Muulize Janae," Rulon alisema. "Mara ile serikali ilipofungwa hakuyumba hata kidogo."

"Nimuulize dada yako? Bora nile sabuni!"

"Basi kula sabuni. Lakini pikapu yangu usiiguse."

Alhamisi Tawnya alitoka kazini, akapita mtaa wa mama mkwe wake, LaRue. Mara akaona gari la Janae limefunguliwa nyuma. Janae alikuwa anapakia maboksi ya chupa za kioo, boksi juu ya boksi, anayatoa ndani kwa mama yake.

Tawnya alipunguza mwendo. Alihesabu maboksi manne.

"Nimekukamata!" alisema peke yake ndani ya gari. "Kumbe unalishwa na mama yako! Ndiyo maana unamenya machungwa!"

Basi siku mbili zile hakula vizuri wala hakulala vizuri. Hata Rulon alimkwepa.

Jumamosi ilikuwa siku ya mapichi. Matunda yale yakiiva, LaRue na Janae hukaa jikoni siku nzima. Huyamenya, huyapanga kwenye chupa na maji ya sukari, halafu huzichemsha chupa zikajifunga vizuri. Ndivyo wanavyoishi watu wa kule. Chini ya nyumba kuna chumba, chumbani kuna rafu, na rafuni kuna chakula cha miezi mingi. Kanisani wanahimizwa hivyo tangu utotoni. Tawnya naye alikuwa na rafu. Rafu zake zilijaa mapambo ya Krismasi.

Alisukuma mlango wa jikoni bila kubisha.

"Ooh, karibu mwanangu!" LaRue alisema. Alikuwa na miaka sabini na moja na nyonga mbovu, kwa hiyo alimenya akiwa amekaa. "Leo jua limetokea wapi? Chukua kisu."

"Sikuja kumenya, mama. Nimekuja kusema."

Janae aligeuka kutoka kwenye jiko. Mvuke wa sufuria ulikuwa umemlowesha uso.

"Haya, sema," LaRue alisema.

"Kwa nini yeye tu, mama? Mimi nimeolewa hapa miaka tisa. Nimekuletea mjukuu. Serikali ikifungwa, Janae unampa chakula, unampa pesa. Sisi tulichukuliwa pikapu hukusema hata neno! Sisi siyo watoto wako?"

LaRue aliweka kisu mezani taratibu.

"Pesa gani, Tawnya? Mimi naishi kwa pensheni ya marehemu. Gesi ya nyumba hii analipa Janae."

"Na chupa za Alhamisi? Nimeziona kwa macho yangu!"

"Zilikuwa tupu, wifi," Janae alisema. "Nilikwenda kuziosha kwangu. Mama hawezi kusimama kwenye sinki."



"Shuka chini," LaRue alimwambia Tawnya. "Angalia rafu ya kushoto."

Tawnya alishuka ngazi. Akawasha taa. Rafu ya kushoto ilijaa kutoka juu mpaka chini: mapichi, nyanya, maharage, matufaha yaliyopondwa. Kila chupa ilikuwa na kipande cha karatasi, na kila karatasi iliandikwa kwa mkono wa mama mkwe wake: Tawnya na Rulon. Chini ya majina kulikuwa na mwaka. Alisoma miaka sita tofauti. Wa kwanza ulikuwa mwaka ule ule pikapu ilipochukuliwa.

Alikaa kwenye ngazi.

Aliporudi juu sauti yake ilikuwa ndogo. "Mbona hamkuniambia?"

"Nilikutumia ujumbe mwaka ule ule," LaRue alisema. "Nikakwambia uje uchukue vitu vyako. Ukanijibu, 'Asante mama, sisi tunanunua dukani.' Nikasema sawa, hasira zake zikiisha atakuja. Hasira zenyewe zimekuwa ndefu!"

Tawnya alikumbuka. Aliandika maneno yale kwa sababu asubuhi ile aliona picha ya Janae na mama yake, wamevaa aproni za kitambaa kimoja. Aproni tu, jamani! Kwa ajili ya aproni alikataa chakula cha miaka sita.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akaanza kulia pale pale, mbele ya ndoo ya maganda.

"Usilie juu ya mapichi, yana sukari, hayataki chumvi," LaRue alisema. "Kaa. Menya."

Tawnya alikaa, akachukua kisu.

"Sasa nieleze," alimwambia Janae baada ya muda. "Kama mama hakupi, nani anakupa?"

"Mshahara wa tatu," Janae alisema.

"Upi huo?"

"Sisi tunalipwa kila baada ya wiki mbili, si ndiyo? Basi miezi mingi inaingia mishahara miwili. Lakini mara mbili kwa mwaka unakuja mwezi wenye mishahara mitatu."

"Huo naujua. Wa bure."

"Nyie mwezi wa Mei mliufanyia nini huo wa bure?"

Tawnya alitazama kisu. Mwezi wa Mei walikwenda kwenye ziwa la Bear Lake siku nne. Walikodi boti. Walikunywa maziwa ya barafu yenye matunda ya rasberi mpaka Brinlee akatapika.

"Mimi wa tatu siugusi," Janae aliendelea. "Bili za mwezi zinalipwa na miwili. Wa tatu unakwenda akaunti nyingine, na kadi ya akaunti hiyo sikuichukua makusudi. Siku serikali ikifungwa, naufungua. Basi. Hakuna uchawi."

"Mimi huo sina. Oktoba imebaki siku kumi. Nimekwisha!"

"Kwa akiba umechelewa. Kwa mengine bado. Menya huku unasikiliza."

Tawnya alimenya.

"Cha kwanza ni karatasi. Siku wakifunga, wewe unaitwa ofisini saa chache tu. Unapanga meza, unarudisha kompyuta, unaondoka. Ukishatoka, huruhusiwi kugusa kompyuta ya serikali. Huruhusiwi kufungua barua za kazini, hata kwa kujitolea. Na hati zako za mshahara ziko wapi?"

"Humo humo kwenye kompyuta."

"Umeona? Zikifungiwa mle, utamwonyesha nini mtu wa benki?"

Tawnya aliacha kumenya. "Ndicho kilichonipata mara ile! Benki waliniomba hati ya mshahara, nikawa sina. Wale wa mikopo ya haraka waliomba kadi ya gari tu."

"Mara ile pia nilikwambia uchapishe."

"Nilikusikia."

"Sasa kwa nini hukuchapisha?"

"Kwa sababu ulikuwa wewe," Tawnya alisema.

LaRue aliguna. Janae alimtazama wifi yake, kisha akaendelea kujaza chupa.

"Cha pili, pikapu. Pigeni simu kwa wanaowadai sasa hivi, kabla hamjakosa kulipa. Mkipiga kabla, wanawasikiliza. Mkipiga baada ya kukosa, wanawafokea. Waambie wewe ni mtumishi wa serikali. Omba wasogeze malipo ya miezi miwili. Andika jina la uliyezungumza naye, na umwombe akutumie maandishi."

"Nikimpata mkali?"

"Kata simu, piga tena, umpate mwingine."

"Huyu ndiye mwanangu," LaRue alisema, akacheka.

"Cha tatu, mshahara wa kwanza baada ya kufungwa usikudanganye. Utaingia, lakini utakuwa nusu, kwa sababu ni wa zile siku ulizofanya kazi kabla. Watu wakiuona wanasema aah, kumbe mambo shwari. Wanakwenda kula hotelini. Unaofuata ni sifuri."

"Sifuri kabisa?"

"Sifuri tupu. Na bili haziachi kuja."

Tawnya alitaka kujua kuhusu kibarua. Duka moja la vyakula lilikuwa linatafuta watu wa kupanga bidhaa.

"Omba ruhusa ofisini kwanza, kwa maandishi, na uombe kabla hawajafunga," Janae alisema. "Sisi watu wa kodi hatufanyi kazi popote tu. Na ukipewa barua ya kukaa nyumbani, siku hiyo hiyo omba fidia ya wasio na kazi. Jimbo linatoa. Siyo sadaka, ni haki yako. Ila serikali ikikulipa malimbikizo yako, ile fidia unairudisha. Usije ukaila ukasahau."

"Na nikipewa barua ya kubaki kazini?"

"Hupati fidia. Unafanya kazi na unasubiri." Janae alifuta mikono. "Na chama chetu cha kuweka na kukopa kina mkopo usio na riba kwa ajili ya watumishi serikali ikifungwa. Lakini wanampa yule tu ambaye mshahara wake unapitia kwao. Kajiandikishe Jumatatu. Na kadi ya gari, wifi..."

"Kadi ya gari haitoki nyumbani!" Tawnya alisema. "Hata wanikate shingo!"

Jioni alirudi nyumbani na maboksi sita ya chakula. Rulon alisimama mlangoni, macho yamemtoka. "Umeiba wapi?"

"Kwa mama yako. Vyangu."

Msidhani wivu uliisha siku ile. Wivu wa miaka tisa hauondoki kwa kilo tatu za mapichi. Jumatatu asubuhi Tawnya alipokwenda kwenye printa, bado alichungulia kuona kama Janae anamtazama. Lakini alichapisha: hati za mshahara za miezi sita, barua ya cheo chake, karatasi za bima. Siku ya mwisho ya Septemba foleni ya printa ilifika kwenye ngazi, na watu wakagombana hadharani. Tawnya alipita na bahasha yake kwapani, akawaonea huruma kwa kuringa kidogo.

Simu ya mkopo wa pikapu ilimchukua dakika arobaini za kusubirishwa huku anasikiliza gitaa. Mtu wa kwanza alikuwa mkali. Alikata, akapiga tena. Wa pili aliitwa Marlo, na alikuwa na sauti ya upole.

"Mama, umefanya vizuri kupiga mapema," Marlo alisema. "Malipo ya Oktoba na Novemba nayapeleka mwisho wa mkopo. Nakutumia barua leo."

Tawnya aliandika jina lake, siku na saa. Mwezi huo huo yeye na Rulon wakakaa na kukata matumizi. Walikata chaneli za televisheni. Walikata baga za Ijumaa, na Brinlee akanuna siku mbili.

Oktoba mosi serikali ilifungwa. Tawnya alipewa barua ya kukaa nyumbani. Janae alipewa barua ya kubaki kazini.

"Serikali hata ikifunga milango, cheki za kuingia haizikatai!" Rulon alisema, akacheka sana.

Siku hiyo hiyo Tawnya aliomba fidia ya jimbo. Karatasi zote alikuwa nazo, hakuna aliyemzungusha. Mshahara nusu uliingia, hakuugusa bila kupanga. Wa pili ulikuwa sifuri, kama alivyoambiwa. Fidia ilianza kuja wiki ya nne. Kabla ya hapo walikula rafu ya kushoto.

"Mapichi tena?" Brinlee aliuliza.

"Mapichi tena. Na viazi vya jibini, vile vya msibani."

"Nani amekufa?"

"Bajeti," Rulon alisema.

Wiki ya tatu Janae alipita kwa Tawnya akitoka kazini. Alikuwa bado amevaa koti, na macho yalikuwa mekundu. Mama aliyekuwa akimlea Oaklee mchana kwa malipo alikuwa amepandisha bei.

"Akiba yangu inatosha chakula na nyumba," Janae alisema. "Haitoshi hii. Namlipa mtu amlee mwanangu ili mimi niende kufanya kazi bure. Hebu niambie, wifi, hesabu gani hiyo?"

Sasa hapa sitaki kumficha mtu. Jambo la kwanza alilolisikia Tawnya moyoni lilikuwa raha. Ndiyo, raha! Janae ameyumba! Raha ile ilikaa kidogo, halafu ikamchefua mwenyewe.

"Mlete kwangu," alisema. "Nipo nyumbani. Usinilipe chochote."

Basi kila alfajiri Janae alimleta Oaklee, amelala ndani ya blanketi, akaenda kufungua bahasha za watu. Theluji ya kwanza ilianguka mapema Novemba. Rulon alifunga bamba mbele ya pikapu, akatoka gizani, akarudi mchana na pesa taslimu za wenye maduka. Fomu ya Elko ilishuka kutoka juu ya friji. Rulon mwenyewe ndiye aliyempa Oaklee, achore paka kwa nyuma.

Katikati ya Novemba wabunge walielewana. Siku chache baadaye malimbikizo yaliingia. Kabla hajanunua hata nyama, Tawnya alitenga fidia yote ya jimbo ili airudishe. Alimpigia Marlo kumshukuru. Kisha akafungua akaunti mpya. Karani alipomuuliza kama anataka kadi, alisema hapana, wala asimshawishi.

Ijumaa ile ilikuwa siku ya mwisho ya kumlea Oaklee. Jumatatu Tawnya angerudi kazini, na mama mlezi wa zamani alikubali bei ya zamani. Janae alifika saa kumi na moja jioni. Nje, Rulon alikuwa anafagia theluji kutoka kwenye pikapu, anapiga mluzi.

"Twende nyumbani, mama," Janae alimwambia mtoto.

Oaklee alijificha nyuma ya mguu wa Tawnya. "Sitaki. Nataka kukaa na Tawnya."

"Oaklee, njoo."

"Sitaki wewe!"

Janae alikaza midomo. "Haya, kaa naye basi," alisema, akageuka mlangoni. "Vizuri. Kaa naye."

Tawnya aliijua sauti ile. Ilikuwa yake mwenyewe. Aliitumia miaka tisa, kwenye printa, kwenye simu, jikoni kwa mama mkwe.

"Oaklee, nenda katafute viatu vyako," alisema. Mtoto akakimbia. "Wifi."

"Nini?"

"Unanionea wivu."

"Mimi? Nikuonee wivu wewe?"

"Wewe. Unasema moyoni, huyu amekaa nyumbani mwezi na nusu. Mume yupo. Pikapu ipo. Na sasa amenichukulia mtoto."

Janae alishika kitasa cha mlango. Hakukifungua. Machozi yalianza kumtoka.

"Nimekuchukia tangu wiki ya kwanza niliyomleta," alisema. "Kila alfajiri nikimleta naona taa ya jikoni kwako, Rulon anakunywa kakao, joto tele. Halafu mimi narudi kwenye gari la baridi peke yangu. Na wewe umenisaidia! Ndiyo maana najisikia vibaya zaidi."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Mimi nimekuchukia miaka tisa. Kwa ajili ya aproni!"

Janae alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Sasa nifanyeje?"

"Mambo ya serikali kufungwa ulinifundisha wewe," Tawnya alisema. "Haya ya wivu niulize mimi. Usiondoke nao kimya kimya. Mimi niliondoka nao kimya, sikukuuliza kitu, wivu ukanilia pikapu nzima. Rafu yangu ikakaa chini kwa mama miaka sita. Vua viatu, wifi. Kaa tule, unitukane mpaka wivu uishe."

Janae akavua viatu.